Bunduki ya Luna Solomon: njia ya mkimbizi hadi Olimpiki, na mlango ambao wahami wa Goma hawauoni

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Katika mtaa wa Katindo, neno bunduki halihitaji kufafanuliwa. Kambi ya kijeshi na hospitali ya kijeshi za mji wetu zote zinabeba jina la mtaa huu. Kwa miaka mingi familia za askari zimeishi humo, watoto wakienda shuleni na kurudi mbele ya watu wenye silaha. Tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka wa 2012, waasi wa M23 waliingia Goma. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka wa 2025 waliingia tena. Mara zote mbili, mtoto wa Katindo alijifunza jambo lile lile: ukisikia masasi, lala chini na usikae karibu na dirisha.

Ndiyo maana habari ya Luna Solomon inamshangaza kwanza mtu wa Goma. Huyu ni mwanamke wa Eritrea, mkimbizi aliyepokelewa Uswisi, ambaye amefika katika Michezo ya Olimpiki mara mbili, Tokyo na Paris, akiwa na bunduki mkononi. Hakupeperusha bendera ya nchi yake. Alikuwa katika Timu ya Olimpiki ya Wakimbizi, na mchezo wake ni kulenga shabaha kwa bunduki ya hewa, kwa umbali wa mita 10.

Hakuleta medali. Hata hivyo safari yake inatuhusu sisi wa Kivu kuliko za mabingwa wengi wenye dhahabu, kwa sababu inaonyesha waziwazi mwanariadha aliyekimbia nchi yake anahitaji nini ili afike juu. Inaonyesha pia ni nani anayebaki nje ya mlango. Na wengi wa wanaobaki nje ni watu wanaofanana na majirani zetu.

Mchezo wenyewe ni upi?

Wengi wetu tukisikia mashindano ya bunduki tunafikiria moshi na kelele. Bunduki ya hewa haina baruti. Hewa iliyobanwa ndani ya chupa ndogo ndiyo inayosukuma kidonge cha madini chenye upana wa milimita 4.5. Mlio wake ni mdogo, unakaribia ule wa mtu kupiga makofi mara moja.

Mlengaji husimama wima bila kuegemea kitu. Bunduki yake hairuhusiwi kuzidi kilo 5 na nusu. Anavaa koti na suruali ngumu zinazomsaidia kutulia, nazo hupimwa na wasimamizi ili mtu asijifunge mavazi mazito kupita kiasi. Mbele yake, mita 10, kuna shabaha. Katikati ya shabaha hiyo kuna nukta ya alama 10, na upana wake ni nusu milimita tu. Chukua kalamu uguse karatasi mara moja bila kuikaza, utakuwa umeona ukubwa wake.

Katika mchujo, kila mlengaji hupiga mara 60 ndani ya saa moja na robo. Mashine hupima kila pigo hadi sehemu ya kumi, na pigo bora kabisa ni 10.9. Kwa hiyo mtu ambaye hakosei hata kidogo angepata 654, lakini hakuna anayefika huko. Walengaji wanane wa kwanza ndio wanaokwenda fainali, na huko wanaanza tena kutoka sifuri, wakiondolewa mmoja mmoja.

Kinachoshindaniwa hapo ni utulivu. Walengaji wakubwa hujifunza kupumua polepole na kubonyeza kifyatulio katika nafasi ndogo iliyopo kati ya pigo moja la moyo na jingine. Mwenye hasira hapati kitu. Mwenye haraka hapati kitu. Mtu anayefikiria pigo lililopita anaharibu linalofuata.

Kocha aliyejua bei ya pigo moja

Eritrea aliyoiacha Luna ni nchi ambayo wakimbizi wake wengi hutaja sababu moja: utumishi wa kijeshi usiokuwa na mwisho. Sheria ya mwaka wa 1995 inasema utumishi huo ni wa miezi 18. Tangu mwaka wa 2002 umegeuka kuwa wa miaka isiyojulikana, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari hupelekwa kumalizia masomo yao katika kambi ya Sawa, ambako kuna mafunzo ya kijeshi. Kwa vijana wengi wa huko, bunduki ni kitu unachopewa, hukichagui.

Luna alifika Uswisi mwaka wa 2015. Hakufika kama mlenga shabaha. Alianza mchezo huu akiwa mtu mzima, katika mji wa Lausanne, na aliyemwekea bunduki ya hewa mkononi alikuwa Mwitaliano Niccolò Campriani.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, ni lazima kumjua Campriani. London mwaka wa 2012 alipata dhahabu katika bunduki ya mita 50 kwa mikao mitatu, na fedha katika bunduki ya hewa ya mita 10. Rio mwaka wa 2016 alipata dhahabu mbili. Ya mwisho kati ya hizo ilipatikana kwa namna ambayo walengaji hawaisahau. Likiwa limebaki pigo moja, Mrusi Sergey Kamenskiy ndiye aliyekuwa mbele. Campriani akapiga 9.2, pigo la kawaida sana kwa bingwa. Kamenskiy akapiga 8.3. Hesabu zikawa 458.8 kwa 458.5. Dhahabu iliamuliwa na tofauti ya sehemu tatu za kumi.

Baada ya kustaafu, Campriani alianzisha Lausanne mpango ambao wengi waliuona kama mzaha: kuwachukua wakimbizi watatu ambao hawakuwa walengaji, kuwafundisha kutoka sifuri, na kujaribu kuwafikisha kwenye alama ya chini inayotakiwa ili mtu aruhusiwe kushindana Tokyo. Kazi hiyo ilirekodiwa katika filamu ya vipindi iliyoonyeshwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Luna alikuwa mmoja wa hao watatu. Ndiye aliyekwenda Tokyo, na kati ya wanariadha 29 wa timu ya wakimbizi mwaka huo, yeye ndiye alikuwa mlenga shabaha peke yake.

Tokyo na Paris: tusome matokeo bila kupamba

Michezo ya Tokyo, iliyocheleweshwa na korona, ilifanyika mwaka wa 2021. Bunduki ya hewa ya wanawake ndiyo iliyotoa medali ya kwanza kabisa ya michezo hiyo, tarehe 24 mwezi wa saba. Mchina Yang Qian alichukua dhahabu. Luna alipiga mapigo yake 60 katika mchujo, na jina lake likabaki chini ya orodha, mbali na wale wanane wa fainali.

Miaka mitatu baadaye alirudi. Paris mwaka wa 2024, mashindano ya kulenga shabaha yalifanyika Châteauroux, mji ulio kusini mwa Paris kwa umbali mkubwa. Safari hii timu ya wakimbizi ilikuwa na watu 37, na Luna alikuwa na mwenzake mmoja katika ulengaji, Francisco Edilio Centeno Nieto kutoka Venezuela, anayetumia bastola ya hewa. Luna hakufika fainali tena. Dhahabu ilikwenda kwa Ban Hyo-jin wa Korea Kusini, msichana wa miaka 16.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: kama matokeo ni hayo, sifa ni za nini? Swali ni la haki, na si wasomaji wa Goma peke yao wanaoliuliza. Wapo wanaosema timu ya wakimbizi ni picha nzuri ya televisheni kwa ajili ya wakubwa wa Olimpiki, na kwamba mtu anayeshika nafasi za mwisho amepewa nafasi kwa huruma.

Jibu liko katika hesabu ya miaka. Wanawake wanaofika fainali ya mchezo huu kwa kawaida wameanza wakiwa watoto, katika vilabu vyenye makocha, risasi za kutosha na bunduki zenye bei ya maelfu ya dola. Katika mchezo ambao dhahabu inaamuliwa kwa sehemu tatu za kumi, mtu aliyeanza ukubwani hawezi kuwapita kwa kupenda tu. Kufika alama inayomruhusu kusimama nao kwenye mstari mmoja, tena kurudi kwenye Olimpiki ya pili, ni kazi kubwa. Ukimpima kwa medali, ameshindwa mara mbili. Ukipima umbali kati ya mahali alipoanzia na mahali alipofika, utakuta ametembea safari ndefu kuliko wengi waliomshinda.

Uswisi yenyewe ni sehemu ya jibu

Kuna jambo jingine ambalo mtu akiangalia orodha za medali haraka haraka hulipita. Katika fainali ya Tokyo, shaba ya bunduki ya hewa ya wanawake ilichukuliwa na Mswisi, Nina Christen, ambaye siku chache baadaye alipata dhahabu katika bunduki ya mita 50. Paris, shaba ya mchezo huo huo ilichukuliwa na Mswisi mwingine, Audrey Gogniat. Olimpiki mbili mfululizo, nchi moja ndogo, mchezo mmoja.

Hii si bahati. Uswisi ni nchi ambako kulenga shabaha ni mila. Vijiji vingi vina uwanja wake wa kulengea, na wanaume waliopita jeshini huweka bunduki zao nyumbani. Ni nchi yenye silaha nyingi mikononi mwa raia, lakini silaha hizo ziko chini ya sheria inayofuatwa, na mtoto anaona bunduki kwanza kwenye klabu, mbele ya mwalimu, si kizuizini barabarani. Lausanne, kwa upande wake, ndiko makao makuu ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Kwa hiyo Luna alitua mahali ambapo vitu vinne vilikutana: karatasi za mkimbizi zilizomruhusu kukaa, kocha mwenye dhahabu tatu, uwanja uliokwishajengwa, na ofisi za wakubwa wa Olimpiki katika mji huo huo. Bidii yake ni yake mwenyewe, hakuna wa kumnyang'anya. Lakini bidii hiyo hiyo, ingetua katika kambi ya wakimbizi isiyokuwa na hata kimoja kati ya hivyo vinne, tusingelijua jina lake.

Wana wa Bukavu walitangulia

Kwetu Kivu, hadithi ya timu ya wakimbizi haikuanza na Luna. Timu hiyo iliundwa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya Rio mwaka wa 2016, ikiwa na watu 10. Wawili kati yao walikuwa Wakongomani wa mashariki, wacheza judo Popole Misenga na Yolande Mabika, wote wenye asili ya Bukavu. Mwaka wa 2013 walikwenda Brazili kwa mashindano ya dunia ya judo wakiwa na timu ya nchi yetu, na hawakurudi. Walibaki Rio wakaomba hifadhi.

Popole alishinda pambano lake la kwanza la Olimpiki dhidi ya Avtar Singh wa India, kabla ya kushindwa na Mkorea Gwak Dong-han aliyekuwa bingwa wa dunia. Miaka mitano baadaye alikuwa Tokyo, katika timu ile ile iliyokuwa na Luna Solomon.

Katika hao 10 wa Rio walikuwemo pia wakimbiaji watano wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma nchini Kenya. Walipatikana kwa sababu Mkenya Tegla Loroupe, bingwa wa zamani wa marathoni, alikwenda kuwatafuta akawapeleka kufanya mazoezi karibu na Nairobi. Mfano huu unatuambia jambo lile lile la Lausanne kwa njia nyingine. Penye kambi yenye watu wengi, vipaji havikosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kuviangalia. Na kukimbia kunahitaji miguu na viatu tu. Bunduki ya hewa, judo, ndondi na kuogelea vinahitaji mahali, vifaa na mwalimu wa kila siku.

Mwaka wa 2024 timu hiyo ilipata medali yake ya kwanza, shaba ya Cindy Ngamba katika ndondi, mzaliwa wa Kameruni anayeishi Uingereza. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi yenye watu zaidi ya milioni mia moja, haijawahi kupata medali ya Olimpiki hata moja.

Mhami si mkimbizi: mstari unaotukata

Tufike sasa kwenye jambo ambalo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndilo zito kuliko yote kwa watu wa Goma.

Ili mtu aingie katika timu ya wakimbizi, ni lazima awe mkimbizi kwa maana ya sheria. Mkataba wa mwaka wa 1951 unasema mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi huthibitisha hali yake. Kisha, kwa kawaida, kamati ya Olimpiki ya nchi iliyompokea humpendekeza ili apewe msaada wa masomo ya michezo, yaani fedha za kocha, mazoezi na safari. Kutoka kwenye kundi la wanaopata msaada huo ndipo timu huchaguliwa. Luna alipitia mlango huo.

Sasa mchukue msichana kutoka Rutshuru au Masisi. Vita vilimtoa kijijini, akalala kwenye hema la Kanyaruchinya, la Bulengo au la Lushagala. Mwezi wa pili mwaka wa 2025 kambi zilizouzunguka mji zilipoondolewa, akahama tena. Huenda leo amepanga chumba na jamaa zake hapa Katindo. Amepoteza shule, amepoteza shamba, amepoteza klabu kama alikuwa nayo. Katika kila kitu cha maisha yake ni mtu aliyekimbia vita. Lakini hakuvuka mpaka. Kwa hiyo, mbele ya mlango wa timu ya wakimbizi, yeye ni raia wa kawaida wa Kongo, na njia yake ya kwenda Olimpiki inapitia shirikisho la mchezo wake na kamati ya Olimpiki mjini Kinshasa.

Kati ya Goma na Kinshasa kuna zaidi ya kilomita elfu moja na nusu, bila barabara ya maana. Tangu mwaka wa 2025 kuna pia mstari wa vita. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mapigano yalipofika mjini. Mwanamichezo aliyetaka kwenda kwenye mchujo wa timu ya taifa alilazimika kuvuka mpaka kwanza, kupitia Rwanda au Uganda, ili arudi katika nchi yake mwenyewe kwa mlango mwingine.

Mstari huu wa sheria una sababu yake. Mkimbizi hawezi kuomba ulinzi wa serikali yake, ndiyo maana dunia inamlinda. Mhami bado anahesabiwa kuwa chini ya serikali yake. Lakini Afrika yenyewe ilikwishakubali kwamba mhami naye anahitaji sheria yake: mkataba wa Kampala kuhusu wahami ulipitishwa mwaka wa 2009 na kuanza kutumika mwaka wa 2012. Katika chakula, maji na dawa, mashirika yanawahudumia wahami kama watu wenye hali ya pekee. Katika michezo, hakuna mlango kama huo. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Kivu anaonekana kwa dunia ya michezo siku anapovuka mpaka, si kabla. Tunaambiwa, bila mtu kulitamka, kwamba ili kipaji chako kihesabiwe ni lazima kwanza uondoke.

Bunduki mikononi mwa kijana wa Goma?

Najua swali litakaloulizwa, na ni bora kulijibu wazi. Je, makala hii inataka tuwape vijana wa Goma bunduki ili wawe kama Luna?

Hapana. Hapa ambapo watoto wanaendelea kuingizwa katika vikundi vyenye silaha, na ambapo mtu mwenye kitu kinachofanana na bunduki anaweza kuuawa kabla hajaulizwa ni kitu gani, kufungua uwanja wa kulengea leo kungekuwa ujinga. Mama wa Katindo akikataa hata mwanasesere wa bunduki uingie nyumbani kwake, ana haki.

Lakini kuna kitu katika mchezo huu kinachofaa kufikiriwa na mtu aliyeishi na silaha upande wa pili wake. Kwenye uwanja wa kulengea, bunduki haielekezwi popote ila kwenye shabaha. Hakuna anayeweka kidonge kabla ya amri, na amri ikitolewa ya kusimama, wote husimama. Bunduki isiyotumika huwekewa utepe ndani ya mtutu ili kila mtu aone kwamba ni tupu. Anayevunja kanuni hizi hutolewa nje, hata awe bingwa wa dunia. Silaha iko chini ya sheria kutoka inapofunguliwa kwenye sanduku hadi inaporudishwa. Mtu wa Goma anajua kwa uchungu jinsi bunduki inavyokuwa pale ambapo hakuna amri ya kusimama.

Kwa hiyo somo la Luna kwetu si bunduki yake. Ni ule mpangilio uliomzunguka. Mpangilio huo unaweza kujengwa kwa judo, kwa ndondi, kwa riadha, kwa michezo ambayo Goma tayari ina watu wake wanaofundisha jioni katika viwanja vya mawe ya volkano, mara nyingi bila mshahara.

Nini kinawezekana sasa

Mambo matatu yako ndani ya uwezo wa watu, hata katika hali hii.

La kwanza ni karatasi. Mwanamichezo asipokuwa na ushahidi wa kiwango chake, hakuna ofisi itakayomwamini, iwe ya Kinshasa au ya ugenini. Ligi na vilabu vya Goma vinaweza kuandika matokeo kwa majina na tarehe, kutoa leseni, na kumpa kila mwanamichezo nakala. Picha ya leseni kwenye simu haina uzito wowote wakati wa kukimbia, lakini inaweza kuwa na uzito mkubwa siku mtu anapofika Nakivale nchini Uganda au Nyarugusu nchini Tanzania.

La pili ni habari. Katika kambi hizo wako maelfu ya vijana wetu ambao tayari ni wakimbizi kisheria, na wengi hawajui kwamba msaada wa michezo kwa wakimbizi upo. Makocha na viongozi wa Wakongomani walioko huko wangeweza kuwauliza wahusika wa kamati za Olimpiki za Uganda na Tanzania, wakiwa na majina na matokeo mkononi. Wakimbiaji wa Kakuma walionekana kwa sababu mtu mmoja alikwenda kuwatafuta. Wa Nyarugusu nao wanahitaji mtu wao.

La tatu linawahusu wakubwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilionyesha mwaka wa 2016 kwamba kanuni inaweza kubadilishwa, kwa sababu kabla ya hapo hakukuwa na timu ya wakimbizi kabisa. Si lazima wahami wapewe timu yao wala bendera yao. Wao wana bendera, ni ile ya nchi yao. Wanachohitaji ni msaada wa mazoezi unaowafikia pale walipo bila kusubiri wavuke mpaka. Kamati ya Olimpiki ya Kongo ndiyo yenye sauti ya kuliomba jambo hilo. Ikikaa kimya, hakuna mwingine atakayeliomba kwa niaba yetu.

Luna Solomon hakuishinda dunia. Alifanya jambo dogo kuliko hilo, lakini gumu: alisimama mita 10 kutoka kwenye nukta ya nusu milimita, akapumua, akapiga mara 60, kisha baada ya miaka mitatu akarudi akapiga mara 60 nyingine. Aliweza kwa sababu kulikuwa na mtu aliyemfundisha, mahali pa kusimama, na karatasi yenye jina lake. Hapa Katindo, kijana mwenye utulivu kama wake huenda anapita sasa hivi na chukudu yenye magunia ya makala, akielekea sokoni. Na hajavuka mpaka wowote.